Vifukofuko Mia Tatu Vyenye Tundu

Soufli, 22 Juni 1976

Mpwa wangu Evdokia,

Kaa kitako kabla hujasoma, maana ukisoma umesimama utaanguka. Kuanzia mto Evros mpaka baharini hakuna mtu mwenye bahati kama mjomba wako Paschalis. Viwavi wangu wa hariri mwaka huu wamefanya maajabu. Walipanda kwenye vijiti siku moja wote, kama askari waliopigiwa tarumbeta, wakajifungia ndani ya vifukofuko vyao, na hata mmoja hakuugua. Kilo tisini! Nikavipitisha kwenye jiko la mvuke la kijiji siku ile ile ya zamu yangu, kabla nondo hawajaamka humo ndani na kutoboa, halafu moja kwa moja kwa Anestis, fundi wa kuzongoa uzi.

Anestis unamjua. Tangu azaliwe hajamsifu hata mama yake. Basi akachukua kifukofuko changu kimoja, akakitumbukiza kwenye maji ya moto, akapata ncha ya uzi, akavuta. Akavuta. Akavuta mpaka jasho likamtoka.

"Paschalis, hiki kitu kina mwisho?"

"Fundi," nikamwambia, "nenda kanywe kahawa. Ukirudi utakikuta bado."

Mita elfu moja na mia tano, mwanangu, uzi mmoja usiokatika. Akanibusu kwenye paji la uso mbele za watu. Siku mbili sikunawa.

Kwa hiyo ujue huku hakuna shida yoyote. Trei zimeoshwa, nyumba imefagiwa, na mimi nashinda mkahawani nikiwaeleza watu Ujerumani ilivyo, maana miaka saba kwenye kiwanda cha matairi si mchezo, na wao hawajafika hata Alexandroupoli.

Najua mtihani wako ulikuwa wiki hii na najua umeshinda. Ukoo wetu una akili. Mimi niliacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alinionea wivu.

Nakubusu machoni,
Mjomba wako Paschalis


Thessaloniki, 29 Juni 1976

Mjomba wangu, nakubusu mkono.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ndiyo kitu pekee kilichonichekesha mwezi huu.

Nimefeli. Ni mara ya pili. Somo ni lile lile, molekuli kubwa za viumbe hai: protini, wanga, mafuta, na ile asidi ya DNA inayobeba urithi. Mtihani ni wa kuulizwa ana kwa ana. Profesa Zervoulis aliangalia karatasi yangu, akauliza, "Unatoka wapi, binti?" Nikasema Soufli. Uso wake ukachangamka. "Basi nakupa swali la nyumbani kwenu. Ute wa yai ni protini. Hariri ni protini. Kwa nini ule unamwagika, na hii unaweza kumning'iniza nayo mtu mzima?"

Nilitazama viatu vyake. Vina kamba za kahawia. Hicho ndicho ninachokumbuka.

"Msichana wa Soufli!" akasema, na hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma zaidi. "Ulibatizwa ndani ya hariri, na huijui."

Mjomba, nimekariri kila kitu. Kitabu kinasema protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, viko vya aina ishirini, vimeshikana kimoja baada ya kingine. Hariri imejaa vile viwili vidogo kuliko vyote, glisini na alanini. Naweza kukutajia vyote ishirini bila kuvuta pumzi. Lakini sioni kitu. Ni kama kukariri kitabu cha namba za simu za mji ambao sijawahi kukanyaga.

Mara ya tatu ni Septemba, na hakuna ya nne. Nikifeli, chuo kinafuta jina langu, na duka la dawa tulilokuwa tukiliota mimi na wewe mkabala na kanisa linabaki ndoto.

Nimeshaanza kufunga sanduku. Kwa mavuno kama hayo yako utahitaji mikono mwakani, na mikono ninayo, kichwa ndicho sina. Nitafika Jumamosi ya tarehe kumi.

Wako,
Evdokia


Soufli, 3 Julai 1976

Evdokia, FUNGUA SANDUKU.

Usije. Nasema tena, usije. Mavuno makubwa ndiyo hayana kazi! Yakiisha yameisha. Ukija utanikuta nimelala chini ya kivuli, tutatazamana kama mbuzi wawili. Halafu nyumba imejaa, nimehifadhi humo vitu. Vitu vyangu tu vya kawaida.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Hicho kitabu chako kinasema zimeshikana. Zimeshikana nini? Mikono au mikanda? Mbona ni jambo kubwa na hakikusema? Ukishikana mikono, mtu mmoja akijikwaa anaachia. Ukishika mkanda wa mwenzako kama sisi Wathrakia tunavyocheza, hata alewe vipi atavutwa tu. Mimi nasema hao wako wameshikana mikanda.

Sasa kumbuka harusi ya binti wa Stergios. Ngoma ya mikanda, watu sitini kwenye mstari mmoja, ua dogo. Mstari ukafika ukutani, ukajikunja, ukarudi, ukapita ubavuni mwake wenyewe, ukajikunja tena. Safu inakwenda, safu inarudi, mabega yanasuguana. Ilikuwa ukuta ule! Mbwa hakupata pa kupita. Mpaka Thanasis muuza nyama, na tumbo lake lile, akaingia katikati. Unakumbuka? Palipo Thanasis, safu zikaachana, pakawa na pengo la kupitisha punda.

Kwa hiyo mimi, niliyeacha shule darasa la nne, nauliza: hao wako wawili wadogo, si ndio wembamba? Uzi wa wembamba watupu utajibana kuliko uzi wenye akina Thanasis kila hatua mbili. Mpelekee huyo profesa mwenye kamba za kahawia.

Nakutumia furushi. Ni vifukofuko mia tatu, vile vibovu vya kutupa, vimetobolewa na nondo. Kila mavuno huwa na vichache vizembe. Chezea, pasua, chemsha, fanya utakavyo. Soseji zilizo chini ni za kula, usizifanyie uchunguzi.

Mjomba wako,
Paschalis


Thessaloniki, 16 Julai 1976

Mjomba,

Nimetolewa maktabani kwa ajili yako. Nilicheka kwa sauti, mtunza vitabu akanionyesha mlango.

Unajua ulichokiandika? Kitabu kina mchoro ambao nimeutazama miaka miwili bila kuuona: mnyororo wa hariri unakwenda, unajikunja, unarudi ubavuni mwake wenyewe, safu kwa safu, na kwa kuwa vipande vyake ni vidogo safu zinakaribiana mpaka zinashikiliana. Ndiyo nguvu yake yote. Ute wa yai una vipande vya kila umbo, akina Thanasis wengi, kwa hiyo mnyororo wake umejiviringisha kama donge la sufu na kila donge linaelea peke yake. Ndiyo maana unamwagika. Ukiupika, madonge yanafumuka na kunasana yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana yai huwa gumu.

Sasa siachi. Jana nimeufikia wanga. Jani la mforosadi, chakula cha viwavi wetu, lina wanga, na lina zile nyuzinyuzi ngumu za selulosi. Vyote viwili vimejengwa kwa kipande kile kile, sukari ya glukosi, maelfu yake. Tofauti ni namna ya kushikana tu. Kwenye wanga wachezaji wote wanatazama upande mmoja. Kwenye selulosi mmoja anatazama ndani, wa pili nje, wa tatu ndani, wa nne nje. Basi! Kwa tofauti hiyo kiwavi anakula wanga anashiba, na selulosi inapita tumboni mwake inatoka kama ilivyoingia. Ile samadi tuliyokuwa tukiifagia kutwa, mjomba, ni wachezaji waliosimama kwa zamu.

Nilichemsha vifukofuko kwenye jiko la mwenye nyumba. Gundi iliyeyuka, ikawa kama kamasi. Nayo pia ni protini, ila ya kuyeyuka. Lakini kuvuta uzi nilishindwa. Kifukofuko chenye tundu kinajaa maji, kinazama, uzi unajisokota. Nimevikagua vyote mia tatu. Vyote vina tundu, hata kimoja hakikusalimika. Nitumie kizima kimoja tu, kati ya hizo kilo tisini.

Tena kuna jambo litakushangaza. Tangu utotoni tunaambiwa nondo hukata uzi ili atoke. Si kweli. Nondo hana meno. Anatema kimeng'enya, protini ambayo kazi yake ni kukata protini nyingine, na kinachagua: kinayeyusha gundi, uzi kinauacha. Halafu anasukuma kwa kichwa na kupenya.

Mwanao,
Evdokia


Soufli, 27 Julai 1976

Mpwa wangu,

Kizima ndicho hiki, nimekifunga kwenye pamba kama jino la mtakatifu. Usiniulize kwa nini kimechelewa. Vyangu vyote viko kwa Anestis, si unajua, na Anestis akishapokea mali harudishi, kwa hiyo nikapita kwa Bibi Sultana jirani yetu kumwomba kimoja. Alinitazama sana.

"Paschalis, kimoja kinakutosha?"

"Kinanitosha."

"Chukua mia."

"Bibi wee, nimesema kimoja. Ni cha sayansi."

Akanipa, akaniwekea na jibini. Unajua mjane yule alivyo, huwezi kutoka kwake mikono mitupu.

Sasa hilo la kimeng'enya. Una hakika? Uzi haukatwi? Mama zetu, bibi zetu, Anestis mwenyewe, wote wanasema kifukofuko kilichotobolewa ni maiti. Liandike tena, polepole, kama unamwandikia mtu mjinga. Nauliza kwa udadisi tu. Mimi ni mtu wa kupenda elimu, ningekuwa mwalimu kama si wivu.

Jingine. Kuna nondo wachache, wachache sana, wametaga mayai kwenye kitambaa cha meza cha marehemu mke wangu. Nilitaka kukifua nikashindwa. Yai moja ni dogo kama mbegu ya haradali. Nikajiuliza: yule kiwavi atakayetoka mle mama yake ameshakufa, baba yake ameshakufa, hana mjomba, hana hata jirani. Nani atamfundisha kusokota? Na bado atasokota, na atasokota vizuri kuliko mwanafunzi wa chuo. Hilo limeandikwa wapi?

Unaendelea kula? Mwanamke mwembamba ni mzuri kwenye hariri tu.

Paschalis


Thessaloniki, 20 Agosti 1976

Mjomba wangu,

Nisamehe ukimya. Nimesoma mpaka macho yamekuwa mekundu.

Nakuandikia polepole. Uzi haukatwi. Niliazima hadubini maabara, nikatazama ukingo wa tundu kwenye vifukofuko ishirini. Nyuzi zimesukumwa pembeni kama mapazia, chache zimekatika, nyingi ni nzima. Zimevurugika tu. Haziwezi kuzongolewa kuwa uzi mmoja mrefu, hilo kweli. Lakini maiti si neno lake. Protini ni ile ile, nguvu ni ile ile, aliyekufa ni gundi.

Swali lako la yai ndilo swali la mwisho la somo letu. Limeandikwa ndani ya DNA. Nayo ni mnyororo, wala haina aina ishirini za vipande, ina nne tu, na minyororo yake imekaa miwili miwili, imetazamana. Kila mchezaji ana mwenzake mmoja anayemkubali, hashiki mwingine. Kwa hiyo ukiitenganisha minyororo hiyo miwili, kila mmoja unaweza kumwita upya mwenzake aliyepotea, mtu kwa mtu, bila kukosea. Ndivyo mama aliyekufa anavyomfundisha mtoto. Nilipolielewa nililia kidogo, mjomba. Nilimkumbuka mama. Nina mikono yake, wewe mwenyewe husema.

Kila kitu kimo kwenye mdudu mmoja: wanga kwenye jani, mafuta kwenye tumbo la yule aliyelala ndani (unakumbuka harufu yake akichemshwa? ni akiba yake, maana nondo hali chochote mpaka kufa), protini kwenye uzi, na maandishi kwenye yai.

Lakini naogopa. Nikiwa peke yangu najua yote. Nikimfikiria profesa, naona kamba za viatu. Mtihani ni tarehe kumi na sita. Nikisimama tena bila neno, yameisha.

Na wewe hujaniambia nondo ni wangapi. Wachache hawajazi kitambaa cha meza.

Evdokia


Soufli, 1 Septemba 1976

Evdokia,

Nondo hawana maana, achana nao.

Kwenye bahasha hii kuna mkanda. Uliufuma wewe? Hapana. Aliufuma marehemu mke wangu kabla hatujaoana, kwa hariri ya kusokotwa kwa mkono, ile yenye vinundu ambayo siku hizi watu wanaionea haya kwa kuwa haing'ai kama ya kiwandani. Nilicheza nao harusi kumi na nne na ubatizo mmoja. Thanasis ameuvuta kwa uzito wake wote na haukukatika.

Uvae siku hiyo. Usimtazame viatu. Mwambie aushike.

Paschalis


Thessaloniki, 18 Septemba 1976

Mjomba,

Niliingia na mkanda kiunoni, kifukofuko kizima mfuko wa kulia, chenye tundu mfuko wa kushoto, na chupa ya maji ya moto. Pembeni alikaa msaidizi wa profesa, mtu mnene mwenye masharubu, anaandika.

"Msichana wa Soufli," akasema Profesa Zervoulis. "Umerudi."

"Nimerudi na mzigo."

"Swali lako unalikumbuka?"

"Nimelala nalo miezi mitatu, Profesa. Tafadhali simama."

Akashtuka. Msaidizi akaacha kuandika.

"Shika mkanda wangu hapa ubavuni. Kwa nguvu. Wewe ni mwembamba, wewe ni alanini. Mimi ni glisini."

"Mimi ni alanini?"

"Kwa heshima zote."

Akaushika, mjomba! Nikamzungusha mpaka ukutani, tukajikunja, tukarudi, nikamweleza safu na safu. Halafu nikamwomba msaidizi aingie katikati, na alipoingia pengo likaonekana lenyewe, sikuhitaji kusema neno. Profesa alicheka mpaka akavua miwani. "Kostas," akamwambia, "wewe ndiye ute wa yai." Kostas hakupenda.

Baada ya hapo nilikuwa kama ninazungumza nawe jikoni. Nikamimina maji, nikatia kifukofuko cha Bibi Sultana, nikapata ncha, nikavuta uzi kutoka mezani mpaka dirishani na kurudi, mara nane. Nikamweleza wanga, mafuta, yai. Nikatoa chenye tundu nikamweleza kimeng'enya.

Amenipa nane juu ya kumi. NANE. Jina langu halifutwi.

Sasa sikiliza jambo la pili. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, profesa alikigeuzageuza kile chenye tundu.

"Unavyo vingi kama hivi?"

"Mia tatu."

"Mjomba wako anazalisha mbegu, yaani mayai ya kuuza?"

"Hapana. Anauza kwa ajili ya uzi."

"Ajabu," akasema. "Anayeuza uzi haachi nondo mia tatu watoke."

Hakumaanisha kitu. Lakini niliketi kwenye ngazi za chuo na furaha yangu yote, nikaanza kuyapanga mambo. Furushi lote, hata kimoja si kizima. Kizima umekiomba kwa jirani, mtu mwenye kilo tisini. Mayai yamejaa kitambaa cha meza. Nyumba imejaa "vitu", nisije. Na ile barua uliyoniuliza kama uzi haukatwi, uliyosema niandike polepole. Hukuuliza kwa udadisi, mjomba.

Sina hasira. Naja tarehe mbili Oktoba kwa wiki mbili, na safari hii hunizuii. Mayai usiyaguse. Nondo waliokufa kama bado wapo usiwatupe: ugonjwa wa viwavi hujificha kwenye mwili wa mama, na profesa ameniazima hadubini. Nikimkagua mama, najua mayai yake yanafaa au hayafai.

Lakini kabla sijafika nataka barua moja kutoka kwako, na ndani yake mstari mmoja usio na mzaha.

Mpwa wako,
Evdokia


Soufli, 25 Septemba 1976

Evdokia, mwanangu, mwenye nane yake,

Barua yako niliisoma mkahawani kwa sauti. Nilipofika kwenye "nane" nilipanda juu ya kiti. Nilipofika kwenye Kostas, Thanasis akasema, "Mpe pole, namwelewa." Tukacheza ngoma ya mikanda barabarani, adhuhuri, watu tisa na padre, mpaka lori la matikiti likasimama kusubiri. Kahawa za siku ile zote nililipa mimi kwa maneno.

Sehemu ya pili ya barua niliisomea nyumbani. Peke yangu.

Haya. Zamu yangu ya mvuke ilikuwa tarehe tisa Juni. Bibi Sultana viwavi wake walitangulia wangu kwa siku mbili, na zamu yake ilikuwa ya mwisho. Alikuja mlangoni, kashika aproni hivi.

"Paschalis, vyangu vitatoboka."

Sasa wewe unanijua. Mwingine angesema ngoja nifikirie. Mimi nikasema, "Bibi, chukua zamu yangu. Viwavi wangu wana adabu, hawatoki mpaka niwape ruhusa."

"Una hakika?"

"Nimefanya kazi Ujerumani, mimi!"

Ujerumani ilihusu nini, hata mimi sijui. Tukabadilishana. Zamu yake ilikuwa siku nane mbele, nikahesabu, nikaona zinatosha. Halafu likaja lile joto. Unalikumbuka, hata huko mlilalamika. Joto linawaamsha. Siku ya sita asubuhi nikasikia kama mvua nyepesi nyuma ya mlango, na nje jua kali. Nikafungua. Walikuwa weupe kila mahali, kwenye ukuta, kwenye pazia, kwenye picha ya Mama wa Mungu, wanapepesa mabawa kama watu wananipigia makofi. Nikainama kidogo, kama mchezaji wa jukwaani, maana wamepiga makofi. Halafu nikakaa chini, na nilikaa sana.

Nilijua ukisikia utakuja. Utaacha mtihani, utakuja kunipikia supu na kunihurumia, na mimi huruma inanipa kiungulia. Ndiyo maana nikaandika nilichoandika. Na pia, nisijifanye mtakatifu, nilikuwa naona haya.

Bibi Sultana alikuja kila siku na sahani. Nikamwambia, "Bibi, ukiniletea tena jibini nitaota mkia." Akasema, "Nimekula zamu yako, na wewe kula jibini." Lakini barua yako ya Agosti ilipofika, ile ya polepole, nilikwenda kwake nikamsomea. Gundi ndiyo iliyokufa, uzi haujafa. Akapanda darini, akashuka na gurudumu la kusokotea la mama yake, lina utando wa buibui mpaka kwenye ekseli. "Hili," akasema, "bibi zetu walilijua bila hadubini. Sisi ndio tulioona haya."

Sasa uani kwangu kuna magurudumu manne. Tunachemsha vifukofuko kwa maji ya majivu mpaka gundi itoke yote, wanawake wanachambua na kusokota, mimi nakoroga sufuria na kusimulia uongo. Uzi una vinundu, ni mzito, ni mzuri. Kama mkanda wa mke wangu. Tumemaliza kitu kama robo ya rundo. Kazi ipo, sasa njoo, lete mikono na kichwa pia.

Mayai yapo, si kitambaa kimoja, ni vitambaa vinne na shuka. Nondo waliokufa wote wapo kwenye visanduku vya viberiti. Nikuambie ni kwa elimu? Ni kwa sababu sikuweza kuwatupa. Majirani watatu hawakupata mbegu mwaka huu, nimewaambia wasubiri hadubini. Wanatembea mtaani wanasema "hadubini" kama jina la bwana harusi.

Nikimaliza barua hii napaka chokaa chumba chako.

Ulitaka mstari mmoja usio na mzaha. Nimeuzunguka vya kutosha, huu hapa.

Ile bahati niliyokuandikia Juni haikuwapo: kilo zote tisini zilitoboka, Anestis hakuvuta hata shubiri moja, hakunibusu mtu, nilikudanganya.

Mjomba wako,
Paschalis